Maswali ya Wasomaji: Je, 4,294,967,297 ni Namba Tasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni wanafunzi wa sekondari tunaojisomea pamoja jioni hapa Mbagala, Dar es Salaam. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa, kwa kuwa ameigawa kwa namba tasa zote zilizo chini ya 100 na kila mara akapata baki. Je, ni kweli? Kama si kweli, tungejuaje bila kukesha tukigawa?

JIBU: Si tasa, kwani ni zao la 641 na 6,700,417. Mwenzenu hakukosea kugawa, ila alisimama mapema mno. Kipeuo cha pili cha namba hiyo kinazidi 65,536 kwa sehemu ndogo sana, kwa hiyo anayetegemea kugawa peke yake hana budi kuzipitia namba tasa zote zilizo chini ya kiwango hicho, nazo ni 6,542.

Ikiwafariji, aliyeteleza hapo kabla yenu ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyeipenda hisabati kuliko kesi zake. Mnamo 1640 aliziangalia 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa na kila moja hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye 2¹, 2², 2⁴, 2⁸ na 2¹⁶, akaamini kwamba mfuatano huo hautoi kitu kingine milele. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani namba yenu hasa, na mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Urusi, alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Uthibitisho wake unaweza kuandikwa kwa mistari michache, nami nauona mzuri kuliko jibu lenyewe. Namba 641 ni sawa na 5 × 2⁷ + 1, na vilevile ni sawa na 5⁴ + 2⁴. Kwa hiyo, tukihesabu baki za kugawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1, na tukiipandisha kwenye kipeo cha 4 tunapata kwamba 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴. Tukiiweka mahali pake, −2³² inakuwa sawa na 1, maana yake 2³² + 1 haiachi baki lolote.

Kuhusu kuepuka kukesha, Euler alithibitisha pia kwamba kigawo tasa chochote cha 2³² + 1 lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 64. Namba tasa za namna hiyo ni chache: 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu linatosha.

Kanuni hiyohiyo inatuambia kama 6,700,417 nayo inavunjika, kwa sababu kigawo chake ni kigawo cha namba kubwa pia. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na nne za mwanzo zimekwisha kushindwa, hivyo zinabaki 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Zigaweni zote saba kwa kikokotoo cha simu. Kila moja itaacha baki, na 6,700,417 itakuwa imethibitika kuwa tasa.