Kabla hujaja kupimwa kongosho

Kazi yangu katika timu ya utafiti wa kisukari hapa Moshi ni kuwapokea washiriki asubuhi, kuwatoa damu na kuhakikisha inafika maabara ikiwa salama. Ningependa kila mshiriki ajue mapema kwamba hatupimi sukari peke yake. Kipimo cha kidole hueleza sukari iliyomo kwenye damu kwa wakati ule tu. Sisi tunataka kujua kongosho bado lina uwezo gani wa kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kwa hiyo tunalipatia kazi na kulitazama linavyoifanya.

Kazi hiyo ni gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji. Damu hutolewa kabla ya kunywa, baada ya nusu saa, na tena saa mbili zikitimia. Maji hayo ni matamu kupita kiasi na yanaweza kukutia kichefuchefu. Yamalize ndani ya dakika tano, na ukitapika sema papo hapo, kwa sababu tukiendelea hivyo hivyo majibu hayatakuwa yako.

Linalonisikitisha zaidi ni wale wanaoacha ugali, ndizi na chai ya sukari siku kadhaa kabla ya kuja, ili wasikutwe na kisukari. Hofu hiyo naielewa kabisa. Lakini mwili uliokosa wanga huzoea kutumia mafuta, na glukosi inapoingia kwa wingi kongosho huchelewa kuitikia, sukari ikapanda kuliko ilivyo kawaida ya mtu huyo, hata akaonekana ana tatizo asilokuwa nalo. Kwa hiyo siku tatu kabla ya kipimo kula kama unavyokula siku zote, mtori wako na ugali wako, kisha ufunge usiku kucha kwa muda usiopungua saa nane. Maji ya kunywa yanaruhusiwa. Anayetumia vidonge au insulini asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, bali atuulize siku moja kabla.

Njoo mapema. Mama aliyeshuka kutoka Kibosho kwa daladala, kisha akatembea kwa haraka kutoka stendi, huwa tunamketisha kwanza apumzike, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huitumia sukari. Kwa sababu hiyo hiyo hatuwaruhusu washiriki kwenda sokoni kati ya damu ya kwanza na ya mwisho.

Wengi huniuliza kwa nini tunapima C-peptidi. Kongosho hutengeneza proinsulini, ambayo ikikatwa hutoa insulini na C-peptidi kwa idadi sawa. Insulini nyingi huondolewa na ini mara moja, na kwa anayejidunga ni vigumu kutenganisha yake na ya dawa. C-peptidi haimo katika dawa ya sindano, hivyo inayoonekana ni ya kongosho lake. Insulini ina udhaifu mwingine: chembe nyekundu za damu zikipasuka ndani ya chupa, kimeng'enya (protini inayovunja vitu vingine) kilichomo ndani ya chembe hizo huivunja. Seramu, yaani majimaji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, ikitoka na wekundu badala ya rangi ya manjano hafifu, nitakuomba mkono wa pili, na ninaomba usinikatalie.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, uliza damu itatunzwa muda gani na majibu utapewa lini na nani, kisha dai nakala yako ya fomu. Una haki ya kujitoa wakati wowote, na matibabu yako ya kliniki hayapaswi kuathirika.