Ninachobeba mfukoni: vitafunio vya mgonjwa wa kisukari asiyekaa nyumbani

Sista wa kliniki aliliangalia daftari langu la vipimo, akaweka kalamu chini. "Baba, asubuhi una 6.8. Usiku 7. Lakini kila ukipima saa kumi jioni, 13, 14. Hapo katikati unakuwa wapi?"

Nikamjibu: barabarani.

Kazi yangu ni kusambaza vifaa vya umeme. Nachukua soketi, swichi na waya Kariakoo, napeleka kwenye maduka ya Tegeta, Mbezi, mpaka Chanika. Naishi Gongo la Mboto. Nikitoka saa kumi na moja alfajiri, kurudi ni saa mbili usiku, na foleni ikikaza ni saa tatu. Nyumbani mke wangu alishajifunza kila kitu: dona kiasi, mboga za majani kwa wingi, samaki. Ila saa kumi na tano za siku yangu hakuna sufuria lake. Kuna sinia la maandazi na mtu anayegonga dirisha la daladala na biskuti mkononi.

Sista akanipa kazi: kwa siku tatu, niandike kila kinachoingia mdomoni nikiwa njiani. Niliandika kwa uaminifu. Maandazi mawili, juisi ya miwa, biskuti "zisizo na sukari", karanga za mayai, soda moja. Siku ya pili karibu vilevile.

Nianze na zile biskuti, maana najua wenzangu wengi wananunua na wanalipa bei ya juu. Ni kweli hazikuwekwa sukari. Lakini zimetengenezwa kwa unga wa ngano, na unga ule ukishameng'enywa unakuwa sukari ndani ya damu kama wali unavyokuwa. Geuza pakiti, tafuta mstari wa kabohaidreti yote, yaani wanga, usiishie kwenye mstari wa sukari. Biskuti nyingi zina gramu 60 hadi 70 za wanga katika kila gramu 100, ziwe za kawaida au za "kisukari". Angalia pia namba hiyo inahesabu nini, pakiti nzima au biskuti mbili tu. Mimi nilikuwa nakula pakiti nzima kwa moyo mweupe kabisa, nikiamini najitunza.

Karanga za mayai nazo zilinidanganya kwa jina. Karanga, mayai, nikaona hapo ni protini tupu. Kumbe lile ganda linalokatika kwenye meno ni ngano na sukari. Karanga yenyewe imejificha ndani.

Karanga tupu, zilizokaangwa bila kuvikwa kitu, ndizo zimekuwa msingi wa siku yangu. Gramu 100 zina wanga kama gramu 16, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari. Protini ni gramu 25 hivi. Kipimo changu ni ukufi mmoja, kiasi kinachojaa kiganja, kama gramu 30. Hapo unapata wanga gramu tano tu, na njaa inatulia kwa muda wa saa mbili, tatu. Lakini kutopandisha sukari sana kusikufanye uzidishe: ukufi huo una kalori kama 170, na mafuta ni mengi. Mimi natenga nyumbani, ukufi mmoja wa asubuhi na mmoja wa alasiri, kila mmoja kwenye kikopo chake. Nikibeba kopo kubwa, foleni ya Tazara inalimaliza.

Sasa korosho. Mimi kwetu ni Mtwara, na nilidhani korosho ndiyo mfalme: ni ghali, ni ya kwetu, basi lazima iwe bora. Lakini gramu 100 za korosho zina wanga kama gramu 30, karibu mara mbili ya karanga, na nyuzinyuzi ni gramu tatu tu. Si sumu, na sijaziacha. Nahesabu kumi na tano, nakula taratibu, na siku hiyo sichanganyi na kitu kingine chenye wanga. Ila mwenye fedha ya karanga peke yake asijione amepungukiwa.

Mbegu za maboga zinazipita zote mbili kwa protini, na wanga wake ni mdogo. Nanunua mbichi, tunakaanga kavu kwenye kikaango mpaka zianze kudatadata, chumvi kidogo sana. Wengi wetu sukari imekuja na presha, kwa hiyo ile chumvi nyeupe unayoiona juu ya karanga za dukani iangalie kama unavyoangalia sukari.

Kahawa chungu sikuiacha, na niseme wazi kwamba kijiwe cha kahawa ni furaha yangu ya jioni. Kahawa yenyewe haina tatizo. Tatizo ni kashata, sukari iliyogandishwa na karanga au nazi ndani yake. Muuza kahawa wangu alizoea kunipa kashata mbili kabla sijaomba. Siku nilipomkatalia alishangaa: "Vipi mzee, umenuna?" Nikamweleza. Siku hizi ananimiminia kikombe, mimi natoa kikopo changu, na wazee wawili pale kijiweni wameanza kuja na karanga zao.

Jambo ambalo watu wa Dar hatulizungumzi vya kutosha ni joto na unyevu. Chakula kinachokaa mwezi mzima mahali pakavu, hapa kwetu Januari kinalegea ndani ya siku chache. Karanga ikipata unyevu inaota ukungu, na ukungu fulani unatoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karanga nazo hushambuliwa vilevile. Kukaanga hakuiondoi yote. Kwa hiyo nachambua kabla ya kukaanga: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, natupa. Ukitafuna moja ikawa chungu, tema. Kisha naacha zipoe kabisa kabla ya kufunika, maana ukifunika za moto mvuke unarudi kuwa maji. Kopo liwe kavu, lenye kifuniko kinachobana. Nakaanga kwa ajili ya wiki moja tu.

Dagaa ni ugunduzi wa mke wangu. Anachukua dagaa wa Kigoma waliokauka, anatoa vichwa na matumbo ili uchungu uishe, anaosha, anaanika, kisha anawakaanga kwa mafuta kidogo na moto mdogo mpaka wavunjike kama bisi. Ndimu na pilipili ya unga mwishoni, arudishe kidogo motoni wakauke. Wanga karibu hakuna. Wanakaa siku kadhaa kwenye kopo kavu bila friji. Harufu? Ipo. Ndani ya daladala lililojaa siwafungui, nasubiri nishuke. Wale ambao figo zao zimeguswa wamwulize daktari kwanza kuhusu protini nyingi namna hii. Ukipata senene waliokaangwa kutoka Kagera, wanafanya kazi ileile, ila msimu ukipita bei yake si ya mfuko wangu.

Vipande vya nazi ni vizuri, lakini ni vya siku hiyohiyo. Yai la kuchemsha pia, na kwa joto letu usilibebe asubuhi ule jioni, nunua na ule hapohapo. Ubuyu mwekundu wa sukari hapana. Krispi za ndizi na za muhogo, hapana, ingawa zinauzwa kila taa za barabarani. Tende ni tamu na ina heshima yake, lakini wanga ni zaidi ya gramu 70 katika 100, kwa hiyo sibebi kama kitafunio.

Sasa sehemu ambayo naomba usiiruke.

Mimi natumia vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi. Kuna siku ya mvua kubwa, sikula mchana, gari limesimama zaidi ya saa moja. Nikaanza kutoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, moyo unakimbia, maneno hayakai sawa. Nikatoa karanga zangu nikala, nikala tena. Hali ikazidi. Mama aliyekaa pembeni yangu akaniuliza, "Baba, una sukari?" Hakungoja jibu. Alifungua soda ya mwanawe akanishika kichwa nikanywa. Baada ya robo saa hivi nikaanza kuona watu vizuri.

Kile kinachofanya karanga ziwe nzuri siku zote ndicho kinachozifanya zisifae saa ile. Mafuta yake yanachelewesha chakula, na hazina sukari ya haraka. Sukari ikishuka chini ya 4 (kwa mashine inayopima kwa mmol/L, kama namba zangu zote hapa) unahitaji gramu 15 za sukari inayoingia upesi: vijiko vitatu vya chai vya sukari au glukosi kwenye maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Bado ipo chini, rudia. Ikishapanda ndipo karanga zina kazi, kuishikilia isianguke tena kabla hujafika kwenye chakula. Kama mtu amezimia, msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Anayetumia metformin peke yake mara chache hufika huko, lakini wa insulini na wa vidonge kama glibenclamide au gliclazide tusitoke nyumbani mikono mitupu. Muulize daktari wako dawa yako iko kundi gani.

Kwa hiyo begi langu lina pande mbili. Kushoto vikopo vya karanga, mbegu na dagaa. Kulia, kwenye mfuko mdogo wa mbele, glukosi ya unga iliyofungwa vijiko vitatu vitatu, chupa ndogo ya maji, na kadi ya kliniki. Upande wa kulia hauliwi kwa njaa. Konda wa gari ninalopanda kila asubuhi nimeshamwonyesha ulipo.