Kabla hujapika bia yako ya kwanza

Ndoo yangu ya kwanza niliimwaga yote bafuni, lita 19, kwenye nyumba ya kupanga hapa Leicester. Ilinuka kama dawa ya kidonda. Ya pili ikanilipukia. Ya tatu ndiyo niliyothubutu kuwapa wageni, wakauliza kama ipo nyingine. Kwa hiyo wewe unayeanza, haya ninayokuambia nimeyalipia.

Kwanza, pika kidogo. Vifaa vingi vya madukani vimepimwa kwa lita 19 hadi 23, lakini lita 10 zinakutosha kujifunzia. Sufuria la pilau linabeba, na ukiharibu humwagi mshahara.

Mahitaji ni machache: unga wa kimea cha shayiri, ule wa rangi nyepesi, kilo 1.2; hopsi, yaani maua makavu ya kutilia bia uchungu, aina ya East Kent Goldings, gramu 25; na hamira kavu ya eli (ndiyo aina ya bia tunayopika), nusu ya pakiti ya gramu 11. Hamira ya maandazi iache kabatini. Kilevi itakupa, ila ladha yake utaijutia.

Huo unga usikutishe. Mimi nimekulia Marangu, nikimwona bibi akiloweka ulezi, akiuotesha, akiuanika na kuusaga kwa ajili ya mbege. Kiwandani wameifanya kazi hiyohiyo kwa shayiri, kisha wakaiweka kwenye maji moto mpaka wanga ukageuka sukari, wakakausha maji yote. Hopsi nazo zinafanya kazi ya msesewe: kuleta uchungu ili utamu usikinaishe. Ukishachanganya unga na maji, ulichonacho sufuriani ni ndugu wa togwa. Mpaka hapo ni vigumu kukosea.

Chemsha lita 6 za maji, kisha ipua sufuria kabla ya kumimina unga. Ukimimina likiwa jikoni, kimea kinazama, kinashika chini na kuungua, na harufu ya kuungua haitoki tena. Koroga mpaka mabonge yaishe, rudisha jikoni, na usiondoke. Narudia, usiondoke, hata simu ikiita. Povu linaanza kama ukungu mwepesi pembeni, linajikusanya katikati, na ghafla linapanda kama maziwa. Punguza moto, lipulizie maji baridi kidogo, litashuka. Ndipo utie gramu 15 za hopsi, polepole maana nazo huamsha povu, uache ichemke saa nzima. Gramu 10 zilizobaki zitie dakika 5 za mwisho, hizo ni za harufu.

Ukizima moto, sheria zinabadilika. Kabla ya hapo mchemko ulikuwa unakulinda. Sasa kila kitakachogusa bia hiyo, ndoo, kijiko, mpira wa kupitishia bia, hata kidole chako, lazima kiwe kimeoshwa na kupitishwa kwenye dawa ya kuua vijidudu. Hapa ndipo nilipoangukia. Nilitumia dawa ya kung'arishia nguo, sikusuuza vizuri, na klorini ikikutana na vitu vilivyomo kwenye kimea inazaa ile harufu ya hospitali. Nunua dawa ya wapika bia isiyohitaji kusuuzwa. Maji ya bomba nayo yana klorini: robo ya kidonge cha Campden kwa lita 10 inaimaliza.

Poza haraka: sufuria ndani ya sinki lenye maji na barafu. Mimina kwenye ndoo, ongeza maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa mpaka ifike lita 10, halafu itikise kwa nguvu, maana hamira inahitaji hewa mwanzoni. Pima kwa haidromita, kile kifaa kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari. Isome karibu na 1.044. Joto likishuka chini ya nyuzi 20, nyunyiza hamira na ufunike.

Joto ndilo litakaloamua ladha. Nyuzi 18 hadi 20 ni pazuri, na kumbuka kwamba hamira ikichapa kazi inajipasha yenyewe, hivyo ndani ya ndoo kuna joto kuliko chumbani. Ukipitiliza, bia inakuwa na ukali wa spiriti. Ukiwa mahali pa joto, kalisha ndoo kwenye beseni la maji, ivalishe fulana mbichi, na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni.

Sasa ule mlipuko. Siku ya sita mapovu kwenye kizibo cha kutolea gesi yalikoma, nikajua imeiva, nikajaza chupa. Saa nane usiku kabati la chini ya ngazi likaanza kupiga kama baruti. Mapovu ni mwongo. Yanaweza kukoma sukari ingali imejaa. Subiri wiki mbili, upime, upime tena baada ya siku tatu. Haidromita ikirudia namba ileile, karibu na 1.010 au 1.012, imekwisha, na una bia ya asilimia 4 na ushee.

Kwa chupa, yeyusha gramu 60 za sukari kwenye maji kidogo ya moto, changanya taratibu bila kurusharusha, jaza, ziba. Tumia chupa za kahawia, kwani mwanga ukipiga hopsi bia inanuka vibaya. Mwanzoni ningekushauri za plastiki: unaibinya tu, ikiwa ngumu gesi imeshaingia. Wiki mbili nyingine chumbani, kisha friji.

Watu huniuliza kuhusu upofu, kwa sababu ya habari za gongo na chang'aa. Bia ya kimea iliyochachuliwa tu, bila kukenekwa wala kuongezwa kitu, haina hatari hiyo. Na sheria? Uingereza ilifuta leseni ya kupikia nyumbani mwaka 1963, ila kuuza ni marufuku bila vibali. Mahali pengine uliza kwanza.

Ukimimina, inamisha glasi, na uache kidole kimoja cha mwisho chupani. Ni hamira iliyotuama. Haikuui, ila tumbo litakusema usiku kucha.