Mawimbi ya kurarua, au mkondo?

Swali: Natafsiri bango la usalama kwa wanafunzi wa hapa Nairobi wanaokwenda ziara Mombasa. "Rip tide" nimeiita "mawimbi ya kurarua". Mwenzangu ofisini anasisitiza ni "maji kujaa yenye nguvu". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Umoja)

Jibu: Nyote mmekosea, ingawa kosa limeanzia kwa Waingereza wenyewe, walioliingiza humo neno "tide", yaani kujaa na kupwa kwa maji. Kinachozungumziwa si kujaa wala kupwa. Hayo huletwa na mvuto wa mwezi na jua, ndiyo maana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na unapokuwa nusu tunapata maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Hiki kingine huletwa na mawimbi: yakipiga ufuoni, maji hurundikana, kisha hutafuta upenyo na kurudi baharini kwa kasi kupitia njia nyembamba. Maji yaendayo upande mmoja hivyo tunayaita mkondo. Basi andika "mkondo unaovuta kwenda baharini". Ni refu, najua, ila mtoto akilisoma ataelewa anapelekwa wapi.

"Mawimbi ya kurarua" yana hatari yake. Yatamfanya mwanafunzi aogope penye povu, ilhali mkondo huu mara nyingi hupita pale ambapo mawimbi hayavunjiki, mahali panapoonekana pametulia. Usiandike "unaozamisha" vilevile. Haumvuti mtu chini, humpeleka mbali. Wengi huzama kwa kuchoka wakipambana nao. Kwa hiyo sentensi ya pili iwe: "Usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke, kisha urudi nchi kavu."

Na tafadhali, "mkondo unavuta", "mikondo inavuta". Ile "mkondo inavuta" ya kwenye matatu ibaki kwenye matatu. Najua wanafunzi wenyewe wamezoea mkondo wa darasani, wa mashariki na wa magharibi, lakini ngeli ni ileile.

Mwenzako ana haki mahali pamoja. Miamba ya pwani yetu ina milango, yaani mapengo ya kupitia maji na vyombo, na maji yanapokupwa hutoka humo kwa nguvu. Huo ni mkondo wa maji kupwa kwelikweli, na wavuvi huupangia safari zao. Kama ziara ina kupanda mashua au kuogelea karibu na mlango, uongezee mstari wake peke yake, na muulize nahodha saa za kupwa kabla bango halijapigwa chapa.