Pedi ya ndani imekwisha, ya nje bado nene: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu lina breki za diski mbele. Juzi nilianza kusikia mlio wa chuma kusugua chuma kila nikikanyaga breki. Nilipovua gurudumu la kushoto nikakuta pedi ya ndani imekwisha hadi kwenye bati lake, lakini ya nje imebaki nusu. Diski nayo imechimbika mifereji upande wa ndani. Kulia pedi zote mbili bado nzuri. Nina jeki na spana, na kumwaga oili huwa nafanya mwenyewe. Je, naweza kubadilisha pedi na diski nyumbani? Nikibadilisha kushoto tu kuna ubaya?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kazi hii unaiweza kabisa, ila kuanzia leo gari hilo lisitoke barabarani mpaka uimalize. Pedi ikishafika kwenye bati, breki hazishiki inavyopaswa, na pistoni, yaani kile kipande kinachosukumwa na mafuta ya breki ili kibane pedi, inatoka nje ya nyumba yake kuliko ilivyokusudiwa.

Pedi kuisha si jambo la kushangaza, zimetengenezwa ziishe. Kilichonishtua ni hiyo ya ndani kuisha peke yake. Ukifunga vifaa vipya bila kujua sababu, baada ya muda si mrefu utakuta pedi mpya imeliwa upande uleule, na diski mpya imechimbika vilevile.

Kalipa ni kile chuma kinachokumbatia diski na kubana pedi, na magari mengi madogo yana kalipa inayoelea, yaani inayoteleza. Pistoni iko upande wa ndani tu. Ukikanyaga breki, pistoni inaisukuma pedi ya ndani ishike diski, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje nayo ishike. Pini zikikauka grisi au zikishika kutu, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani inafanya kazi ya watu wawili. Sababu nyingine ni pistoni inayogoma kurudi ukiachia pedali: pedi ya ndani inabaki ikisugua safari nzima. Mara nyingi gurudumu la namna hiyo huwa la moto kuliko mwenzake mkifika.

Kuhusu upande mmoja: hapana, badilisha kushoto na kulia pamoja, pedi na diski. Pedi mpya na pedi kuukuu hazishiki sawa, na ukikanyaga breki kwa nguvu gari litavutwa upande. Diski ya kushoto iliyokwanguliwa na chuma usiihangaikie, nunua jozi mpya. Kwa siku zijazo, jua kwamba kwenye diski huchapwa maneno MIN TH na namba ya milimita. Ikifika chini ya hapo haifai tena. Ipime kwa maikrometa sehemu inayosuguliwa, kwa sababu ukingo wa nje hauliwi na ukipima hapo utadanganyika. Pedi nazo, ukiona zimebaki milimita 3, nunua nyingine.

Tafuta sehemu tambarare na ngumu. Vuta breki ya mkono, weka kabari magurudumu ya nyuma, legeza nati za magurudumu kabla ya kuinua. Ukishainua, weka stendi mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, kisha shusha gari likae juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Fungua upande mmoja umalize ndipo uende wa pili, ili ule ambao haujafunguliwa ukukumbushe nini kinakaa wapi. Vumbi la breki usilipulize, si kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki, ulifute.

Fungua bolti za kalipa, iinue, na uifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wa breki, ule unaoiletea mafuta. Mpira unaweza kukatika ndani huku nje ukionekana mzima.

Sasa fika kwenye ugonjwa wenyewe. Chomoa pini zote mbili za kalipa. Pini nzima inatoka na kuingia kwa kidole. Ikibidi kuizungusha na kuivuta kwa koleo, umempata mwizi. Isugue kutu yote, safisha na tundu lake, angalia vimpira vya kuzuia vumbi kama havijachanika, kisha ipake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira, na pini itakwama tena. Kama pini moja ina kimpira nchani na nyingine haina, kila moja irudi kwenye tundu lake. Pini iliyochimbika kwa kutu ibadilishe.

Halafu pistoni. Fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki uangalie kiwango, maana ukirudisha pistoni mafuta yanapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya gari. Weka pedi kuukuu juu ya pistoni, uisukume polepole kwa klampu. Ikiingia kwa ulaini, sawa. Ikigoma, legeza kidogo nipo, yaani kile kiskrubu cha kutolea hewa kwenye kalipa, ukiwa umeivisha kibomba cha mpira kinachoingia kwenye chupa tupu ya kando, kisha usukume tena. Ikikubali sasa, basi mpira wa breki umeziba ndani na unazuia mafuta kurudi. Ikigoma bado, pistoni yenyewe imeshika kutu. Hapo, au ukikuta mpira wa kuizunguka pistoni umechanika, mwite fundi aishughulikie kalipa.

Diski isipotoka, angalia kama ina matundu mawili yenye nyuzi: kaza bolti humo kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Kabla ya kuweka mpya, chukua brashi ya waya usafishe habu, yaani kile kitako diski inapokalia, mpaka chuma king'ae. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanalalamika kwamba usukani unatetemeka na kuilaumu diski. Kipande cha kutu chembamba kama karatasi kinatosha kuifanya iyumbe, wakati magari mengi yanavumilia takriban milimita 0.05 tu. Diski mpya nyingi hupakwa mafuta ya kuzuia kutu, kwa hiyo zioshe kwa dawa ya breki pande zote mbili. Uso wa pedi usiuguse kwa mikono yenye grisi.

Safisha pia fremu mahali pedi zinapokalia, chini ya vile vibati vya kuziongoza. Pedi iingie bila kupigwa nyundo. Bolti zote zikaze kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, kwani kila gari lina chake. Nati za gurudumu zikaze kwa kuvuka, si kwa kuzunguka.

Ukimaliza pande zote, kabla hujasogeza gari hata hatua moja, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Pistoni umezirudisha nyuma, hivyo mkanyago wa kwanza utazama mpaka chini bila kushika chochote. Nilipokuwa najifunza kazi, mwenzangu alisahau hili, na gari likasimamishwa na ukuta. Kagua tena mafuta kwenye chupa, yawe kati ya alama mbili. Kama hukufungua mpira wala nipo, huna haja ya kutoa hewa. Kama ulifungua nipo, toa hewa. Ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Usitie DOT 5 penye DOT 3 au DOT 4, maana hiyo ni ya silikoni na hazichanganyiki.

Kisha zifundishe pedi na diski kushikana. Tafuta barabara isiyo na magari, nenda mwendo wa kilomita 50 kwa saa, punguza kwa breki ya wastani hadi kama 10, endesha tena, rudia mara nane hadi kumi. Usisimame kabisa huku umekanyaga breki zikiwa za moto. Baada ya hapo endesha kidogo bila kuzigusa zipoe.

Baada ya wiki mbili vua tena gurudumu la kushoto, upime pedi ya ndani na ya nje. Zikiwa sawa, pini zilikuwa ndizo. Ya ndani ikiwa imeanza kutangulia, rudi kwenye pistoni na mpira, na safari hii usingoje mlio wa chuma.