Siku ya kupumzika Horombo? Lipeni tu

Wiki hii mmeuliza kama siku ya kupumzika mlimani ni ya lazima au ni janja ya kula hela za watu, hasa mvua ikiwa inanyesha. Mimi naongelea Kilimanjaro kwa njia ya Marangu tu, kwingine sijafika, na naongea kama mtu wa Majengo hapa Moshi niliyeuangalia huo mlima toka utoto bila kuupanda, mpaka Desemba moja tukajichanga watu kumi na moja wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tukasema na sisi tukaone.

Vuli ilikuwa haijaisha. Mvua ilitupokea getini, ikalala na sisi Mandara, kambi ya kwanza, ikatusindikiza mpaka Horombo, kambi ya pili, mita kama 3,720, na pale ikaamua kuhamia kabisa. Ratiba yetu ilikuwa ya siku sita, maana yake siku ya tatu hamhami, mnalala Horombo tena. Ugomvi ukaanzia hapo. Mweka hazina wetu akasema jamani kwanini tulipie kitanda na kiingilio cha hifadhi siku nzima kwa kuangalia ukungu, twendeni Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, tumalize. Wengi tukamuunga mkono, mimi nikiwemo, baridi ilishaingia mpaka kwenye mifupa.

Kiongozi wetu, mzee wa Marangu huko huko, akamaliza uji wake kwanza ndo akajibu: "Wadogo zangu, leo hapumziki mtu. Vaeni makoti."

Kumbe kupumzika ni jina tu! Mnapandishwa hadi miamba ya pundamilia, kwenye mita 4,000 na kidogo, mnakaa, mnashushwa mkalale chini. Hewa ya Horombo ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani na Kibo inapungua tena, kwahiyo mwili unaonjeshwa kule juu halafu unarudishwa ukajipange usiku. Miamba tulifika, mistari yake myeusi na myeupe wanaosifia watu sikuiona, niliona mgongo wa aliyenitangulia basi.

Mchana sasa ndo mrefu. Tumejazana banda la kulia, madirisha yanatoka jasho, chai ya tangawizi, bisi, karata, nguo mbichi zimening'inia kila mahali na hakuna inayokauka. Wagumu (wapagazi, ndo wanavyojiita) wanatucheka, wao wamebeba mizigo ya kilo ishirini na bado jana walifika kabla yetu. Mmoja akanifundisha nilale na soksi tumboni ndani ya slipingi begi. Nikalala nazo, asubuhi zilikuwa mbichi vile vile ila za moto, nayo ni nafuu.

Kwenye karata ndo ikaonekana kitu. Mweka hazina anatupa karata hovyo, bisi hagusi, na yule bwana kwa kula hana mpinzani. Mzee akaja akamkalia pembeni kama anaangalia mchezo, akaomba kidole, akakibana na kile kidude cha kupimia oksijeni. Sisi wengine tulikuwa asilimia themanini na kitu, yeye 71. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu jana usiku anameza panado kimya kimya, na huyo huyo ndo alikuwa anatuharakisha Kibo! Mkiwa njiani usingemjua, kila mtu kavaa kofia anaangalia miguu yake, ukitapika pembeni watasema supu ya jana. Mlivyokaa sehemu moja mnatazamana usoni kutwa nzima ndo mtu anakosa pa kujificha.

Alishushwa jioni ile ile na kiongozi msaidizi mpaka Mandara, mvuani, na kesho yake tukasikia ameamka anaulizia chapati.

Kwahiyo jibu langu, kama hela ya siku ya sita haipo ahirisheni safari, msikate siku. Wapo wanaofika kwa siku tano sikatai, ila mimi kikundi changu nakijua. Na mvua ikiwepo wekeni seti moja ya nguo kavu kwenye mfuko wa nailoni msiiguse mpaka usiku wa kwenda kileleni, hilo sisi hatukufanya na tulijuta.

Saba walifika Gilman's, ukingoni mwa kreta, wanne kati yao wakaendelea mpaka Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895. Mimi niliishia Gilman's nikageuka. Soksi zilikuja kukauka Majengo.