Waya ropu yenye katani ndani si feki: jibu kwa mwenye mashua ya Sahare

Mkuu, umeuliza kamba ya winchi ya kupandishia mashua ya tani 3 pale ufukwe wa Sahare, Tanga, na muuzaji wa Ngamiani amekwambia ukiona katani katikati ya waya ropu, yaani kamba ya chuma, ujue ni feki. Amekupotosha. Ila kwa kazi yako hiyo, mimi pia nisingeichukua, kwa sababu nyingine kabisa. Waliotangulia kujibu wamebishania bei na unene tu, kwa hiyo nitarefusha kidogo.

Ujana wangu niliumalizia kwenye kiwanda cha kamba hapa Tanga, kisha nikaingia bandarini enzi za matishari, meli zikitia nanga mbali na sisi tukipakulia majini. Kwa hiyo katani nimeisokota, na kamba za chuma nimezining'inizia mizigo huku watu wako chini yake.

Kamba yoyote, ya mkonge au ya chuma, nguvu yake haitoki kwenye unene peke yake, inatoka kwenye msokoto. Kiwandani tulisokota uzi kuelekea upande mmoja, nyuzi zikaunganishwa kuwa ugwe kwa kusokotwa upande wa pili, halafu nyugwe tatu zikarudishwa upande wa kwanza ndipo ikawa kamba. Kila msokoto unataka kufumuka, na ule unaofuata unauzuia. Ukikosea upande mmoja tu, kamba inajikunja yenyewe hata kabla haijabeba kitu.

Ya chuma inafuata akili hiyohiyo. Aliyeitengeneza ikafanya kazi migodini ni Wilhelm Albert, kule Clausthal, Ujerumani, mwaka 1834. Minyororo ilikuwa inakatika bila dalili, pete moja ikienda mzigo wote umekwenda. Yeye akasokota nyugwe tatu, kila moja ya waya nne. Waya mmoja ukikatika, nyingine zinaushikilia mzigo na wewe unapata muda wa kuona. Kamba yake haikuwa na moyo katikati. Hizi za leo nyingi zina nyugwe sita, na nyugwe sita zikizungushwa zinaacha tundu katikati ambalo lazima lijazwe. Hapo ndipo katani inapoingia. Mkonge wenyewe uliletwa kwetu na Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini, na leo nyuzi za mkonge zimekaa ndani ya kamba za lifti za majengo. Halafu mtu wa Tanga anaziita feki!

Kazi ya moyo ule wa katani ni mbili. Kwanza ni mto: unazikalisha nyugwe zisisuguane. Pili unatunza mafuta. Kamba ikivutwa, nyugwe zinaubana moyo, mafuta yanatoka kidogo kidogo kulainisha waya kwa ndani, mahali ambapo brashi yako haifiki. Kamba ya namna hii pia inapinda kwa urahisi. Yenye moyo wa chuma ni ngumu zaidi kupinda, lakini inabeba zaidi kwa kama asilimia 8, na haibondeki upesi ikipandiana safu juu ya safu kwenye ngoma ya winchi.

Sasa turudi ufukweni. Moyo wa katani ukinywa maji ya chumvi unaoza kutokea ndani, na nje kamba bado inang'aa. Moyo ukishaisha, kamba inakonda, nyugwe zinagusana na kuanza kutafunana. Winchi yako inavuta kutoka kwenye maji kila siku. Ndiyo maana nakushauri uchukue yenye moyo wa chuma na waya zilizopakwa zinki. Mwenye winchi ya kunyanyulia matofali kwenye ghorofa barabara ya ndani huko, achukue ya katani bila wasiwasi.

Kuna jambo la pili ambalo hukuuliza. Kwenye lebo utaona 6x19 au 6x36. Namba ya kwanza ni nyugwe, ya pili ni waya katika kila ugwe. Waya nyingi nyembamba zinapinda vizuri lakini mchanga unazila upesi na kutu inazimaliza. Waya chache nene zinavumilia mchanga ila hazipendi ngoma ndogo. Kwa Sahare, mchanga ndio adui mkubwa, kwa hiyo 6x19. Sharti lake ni ngoma: kipenyo chake kisipungue mara 18 ya kipenyo cha kamba. Kwa kamba ya milimita 12 hiyo ni milimita 216. Winchi nyingi zinazochomelewa na mafundi hapa mjini ngoma yake ni bomba la inchi 4. Hapo hata ukinunua kamba ya dhahabu itakatika waya mapema, kisha lawama zinamwendea muuzaji.

Dawa yake si kununua nene zaidi, ni kushuka unene. Mashua ya tani 3 juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, kwenye mteremko wa moja kwa kumi, inataka mvuto wa kama tani moja na robo. Funga kapi kwenye mashua, kamba irudi kwenye nguzo, na winchi itavuta kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Kamba ya milimita 10 yenye moyo wa chuma, ya daraja la 1770 (namba ya nguvu ya chuma cha waya zake), inakatikia kwenye tani 6 hivi. Gawanya kwa 5, ambacho ndicho kipimo cha usalama cha kuvutia mizigo, unabaki na zaidi ya tani moja. Inatosha, na ngoma inayohitajika ni milimita 180.

Nailoni usithubutu. Najua wavuvi wengi wanaipenda kwa sababu ni laini mkononi, lakini inarefuka sana kabla ya kukatika, na ikikatika inarudi kwa kasi ya kuvunja mguu. Kwenye nanga ni nzuri kwa sababu hiyohiyo ya kurefuka. Kwenye winchi, watu wakiwa wamejipanga kando ya kamba, hapana.

Jicho la mwisho ulifunge kwa klampu tatu, si chini. Ile bolti ya U ikae upande wa ncha iliyokatwa, na kile kitako chake kikalie upande unaovuta. Wengi wanazipanga huku na huku kwa kupokezana, wanaiponda sehemu inayobeba. Baada ya kuvuta mara ya kwanza kaza tena, kwa sababu kamba inakonda ikibanwa. Na oili chafu ya gari achana nayo, imejaa vumbi la chuma.

Ukifika dukani, mwombe auzungushe mwisho wa kamba kinyume na msokoto uone ndani. Kama kuna moyo wa nyuzi, chomoa kidogo uchome: katani inaungua ikawa majivu, plastiki inayeyuka ikawa kidonge. Moyo mkavu wa kijivu unaomomonyoka vidoleni ni kamba iliyotolewa melini ikafutwa ikarudishwa sokoni, na hizo ndizo za kuogopa. Waya 6 zilizokatika ndani ya mzunguko mmoja wa ugwe, au 3 kwenye ugwe mmoja, acha.

Ngoma yako ina kipenyo gani, na mashua unaivuta ikiwa na injini au unaitoa kwanza? Andika hapa, nitakwambia kama hesabu inabadilika.